Jua Lina Sauti, na Malindi Ni Mahali pa Kulisikiliza

Mei 2024, siku za ile dhoruba kubwa ya jua, nilifunga waya wa mita 7 juu ya paa la nyumba yetu hapa Malindi, nikauunganisha na redio ya masafa mafupi na kutega megahezi 20. Mwanzoni ulikuwa mchakarisho mtupu. Adhuhuri kelele ikaumuka, shaaaa, ikajaa, kisha ikapwa polepole. Nahodha jirani yetu, aliyekuwa chini akishona jarife, akainua kichwa. "Mwanangu, hayo maji ya wapi?" Nikamwambia ni jua. Akaliweka jarife, akapanda ngazi.

Nilimweleza hivi. Korona, ile anga nyembamba inayolizunguka jua, ina joto la zaidi ya digrii milioni 1. Humo atomi huvuliwa elektroni zake, ikabaki plazma. Elektroni zikisukumwa, umeme wa chembe zilizoachwa nyuma huzivuta zirudi. Hupitiliza, zikavutwa tena, basi hutikisika. Zikisongamana zaidi, hutikisika upesi zaidi. Penye elektroni milioni 100 katika sentimita moja ya ujazo, mtikisiko hufika karibu megahezi 90, palepale tunapotega stesheni za FM.

Sasa, nyuga za sumaku za jua zikikatika na kuungana upya, hufyatua elektroni kwa kasi ya kama thuluthi ya kasi ya mwanga. Zinatikisa plazma njiani, na sehemu ya mtikisiko huo hugeuka mawimbi ya redio. Juu zaidi plazma ni nyepesi, kwa hiyo megahezi za mawimbi hayo hushuka kwa sekunde chache, kama mpiga ngoma anayelegeza ngozi huku akipiga. Mlipuko wa mawimbi ya redio unaoletwa na wimbi la kishindo, yaani msukumo mkali unaopita ndani ya plazma, hushuka taratibu, kwa dakika kadhaa.

Februari 1942 rada za Uingereza zilizibwa na kelele, wakashukiwa Wajerumani. Mwanafizikia Mwingereza J. S. Hey ndiye aliyegundua kwamba ilitoka kwenye jua. Tarehe 6 Desemba 2006 mlipuko mwingine wa redio wa jua ulivuruga vipokezi vya GPS upande wa dunia wenye mchana. Nahodha alinyamaza hapo. Miamba yake yote ya kuvulia ameiweka alama kwa GPS.

Kinachoniuma ni hiki. Ngomeni, hapo jirani tu, ndiko ilikorushwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei za angani. Wapwa zangu wanasoma Malindi, na kwao Uhuru ni sikukuu tu. Sisi tuko nyuzi 3 kusini mwa ikweta, tuna jua saa kumi na mbili kila siku, mwaka mzima. Kila sekondari ya pwani ingekuwa na waya kama wangu, na daftari la kuandika saa ya kila mlipuko. Hiyo ni fizikia ambayo mtoto anaisikia kwa masikio yake.

Nahodha ameniuliza mara mbili litasema tena lini. Mwalimu wa hapa anayetaka, atafute milingoti miwili na redio. Waya ninao, na kufunga nitakuja mwenyewe.