“Kaa Mbali Nao, Mwanangu”

Wiki iliyopita, katika kundi letu la WhatsApp la Waswahili tunaoishi Michigan, kijana aliyewasili majuzi aliuliza mtaa unaomfaa kupanga, na kabla mtu hajamtajia kodi wala usafiri, mzee ambaye sote humwamkia shikamoo alimwandikia: “Popote, mwanangu, ila kaa mbali na Wamarekani weusi.” Vidole gumba vikamiminika. Juni 2020, siku chache baada ya polisi kumuua George Floyd, Mmarekani mweusi, mjini Minneapolis, mzee huyuhuyu aliweka kwenye ukurasa wake mraba mweusi, ile picha tupu ya kuonyesha mshikamano na watu weusi. Mraba, bila shaka, una sifa moja kubwa, kwamba hauwezi kuhamia jirani yako.

Nakiri shingo upande kwamba anatutakia mema, na kwamba kweli aliwahi kuibiwa gari, kisa anachokisimulia msibani na harusini. Lakini tumesahau haraka mno yaliyotokea katika jimbo hilihili. Aprili 4, 2022, mjini Grand Rapids, Patrick Lyoya, mkimbizi wa Kongo mwenye miaka 26, alisimamishwa na polisi kwa sababu namba za gari hazikulingana na gari lenyewe, akakimbia, wakakabana, kisha akapigwa risasi ya kisogoni akiwa kifudifudi, askari yuko juu yake. Baba yake alipozungumza na waandishi wa habari alihitaji mkalimani, kwa kuwa alimlilia mwanawe kwa Kiswahili. Hao tunaoambiwa tukae mbali nao waliandamana kwa ajili yake, na mazishini aliyesimama kutoa hotuba ya kumuaga alikuwa Al Sharpton, mchungaji na mwanaharakati wao. Mwaka 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi ya askari yule lilishindwa kuafikiana, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia. Sikumbuki kundi letu likiandika lolote siku hiyo, ila tangazo la mchele.

Tena sheria ya uhamiaji ya 1965, iliyotufungulia mlango, ilifuata kwa mwaka mmoja tu ile ya haki za kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, na waliokuwa wakiugonga mlango huo tunawajua: ni Wamarekani weusi haohao.

Kinachohitajika si hotuba. Mwaka 1955 na 1956, watu weusi wa Montgomery, Alabama, waliposusia mabasi kwa siku 381 kupinga ubaguzi wa viti, mpishi Georgia Gilmore, mmoja wao, alipika na kuuza chakula ili magari yaliyowabeba wasusiaji yapate mafuta, na wako mabibi wa Kizungu waliokwenda kuwachukua watumishi wao weusi kwa magari yao wenyewe, hata meya akalalamika. Wengi wa mabibi hao, nadhani, walikuwa wakiogopa tu kujifulia nguo wenyewe. Hata hivyo mtumishi alifika bila kupanda basi.

Nami sina usafi wa kujivunia. Jirani yangu, mama mtu mzima wa Kimarekani mweusi ambaye sasa tunamwita Bibi, alitupeleka hospitali saa tisa usiku, theluji ikianguka, mwanangu akihema kwa shida, akakaa nasi hadi asubuhi. Nilikuwa nimeishi mwaka mzima ukuta kwa ukuta naye bila kumkaribisha hata kikombe cha chai, na aibu ile ndiyo inayoandika haya.

Kijana nimemwandikia faraghani kwamba Bibi ana chumba kitupu ghorofani, kodi inazungumzika, na Jumamosi aje akiwa na njaa. Mzee naye nimemwalika. Ameusoma ujumbe, bado hajajibu.