Barua pepe ya matangazo: Kisumu na Nakuru nani anaisoma?

Mfanyabiashara wa Kisumu akishauriwa atangaze kwa barua pepe, jibu lake huwa swali: nani anazisoma? Swali hilo lina uzito. Watu wengi huku walifungua Gmail kwa sababu simu ya Android iliitaka, au walifunguliwa na mhudumu wa saiba (duka la intaneti) walipokwenda kutafuta PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi, na nywila wakaisahau siku hiyohiyo. Mwenye agrovet (duka la pembejeo za kilimo) pale Njoro, Nakuru, akiwatangazia wakulima mbegu za mahindi kwa barua pepe, watakuwa wamepanda na kupalilia kabla haijafunguliwa. SMS fupi itamfaa zaidi. Vivyo hivyo mama wa mitumba Kibuye: akiweka picha za nguo mpya kwenye WhatsApp, wateja wanamjibu papo hapo.

Lakini sikubaliani na wanaosema barua pepe haina kazi tena. Inategemea mnunuzi anaamulia wapi. Chukua mwenye hoteli ndogo ya Milimani, Kisumu, mwenye ukumbi wa mikutano. Mteja wake ni afisa wa shirika ambaye hatoi pesa mfukoni mwake. Anahitaji bei iliyoandikwa, aiambatishe na kwotesheni nyingine, aombe idhini, kisha LPO, yaani hati ya kuagiza ununuzi, itoke. Shughuli hiyo yote hupitia barua pepe, na bango la WhatsApp haliingii kwenye faili ya mhasibu.

Hata kwa mteja huyo, barua nyingi hazifui dafu. Kichwa kinapiga kelele, “OFA KABAMBE!!! USIKOSE!!!”, na ndani kuna picha moja nzito iliyobeba maneno yote. Mwenye bando dogo haoni chochote mpaka picha ifunguke, na ikifunguka hawezi kunakili bei. Kichwa kama “Ukumbi wa watu 30 Kisumu: bei na siku zilizo wazi Mei” kinamwambia afisa kila kitu hata kabla hajafungua. Ndani aone bei kwa kila mtu, kama VAT imo, chai na chakula cha mchana vimehesabiwaje, projekta ipo au haipo, na namba ya kupiga. Basi. Ukimchanganyia na harusi, bwawa la kuogelea na samaki wa Jumapili, hajui unataka afanye nini.

Ubishi mkubwa uko kwenye anwani. Wapo wanaotetea kununua orodha ya anwani za watu: wateja wa kwako mwenyewe huongezeka polepole, na biashara changa ina kodi ya kulipa mwisho wa mwezi. Naielewa haraka hiyo, ila naona inawagharimu. Kwanza, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 37, inataka ridhaa ya wazi ya mtu kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara. Pili, tangu Februari 2024 Gmail inawadai wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye anwani zake waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya taka (spam) yasifike asilimia 0.3. Hoteli ya Milimani haitafika idadi hiyo, lakini kila anayeiripoti barua yake kuwa taka anaiharibia anwani jina. Hapo ndipo hasara inapouma: kwotesheni ya mteja halisi, iliyotoka kwenye anwani hiyohiyo, nayo inaishia kwenye taka. Afadhali anwani 80 za watu waliowahi kulala, kula au kuulizia bei, na ambao waliulizwa wakakubali.

Kuhusu wakati, kalenda ya mnunuzi ndiyo ya kufuata. Serikali za kaunti hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, kwa hiyo anayezilenga aandike mapema, kabla bajeti haijaisha. Duka la fanicha Nakuru linalouzia wenye mishahara lina sababu ya kungoja mwisho wa mwezi.

Wengine hupima kwa idadi ya barua zilizofunguliwa. Barua huhesabiwa imefunguliwa picha iliyomo ndani inapopakiwa, na kipimo hicho kimepungua nguvu tangu 2021, programu ya barua ya Apple ilipoanza kupakia picha za barua kwa niaba ya msomaji, hata asiyeisoma akahesabiwa. Mwenye hoteli ahesabu walioomba bei, na kati yao waliolipia ukumbi.