Tangazo tumelisikia, koleo liko wapi?

Juzi limepita gari la matangazo mtaani kwetu, spika mbili juu, linapiga kelele mpaka vikombe vinatetemeka kabatini: wananchi fukieni madimbwi, malaria inaua. Sawa. Sasa dimbwi kubwa kuliko yote huku kwetu alilichimba mkandarasi alipokuja kupitisha bomba, akasepa, masika yakalijaza. Hilo nilifukie na nini, kijiko?

Hivi ndo tunavyoshirikishwa. Kila tarehe 25 Aprili, Siku ya Malaria Duniani, tisheti, ngonjera, mgeni rasmi, soda, kwaherini.

Na kinachouma zaidi ni kwamba hapa Dar hii kazi ilishawahi kufanyika vizuri tu. Mwaka 2004 ulianza mradi wa malaria wa mjini, wakachukua watu wa mitaani humuhumu, kila mtu akapewa eneo lake kwa mashina ya nyumba kumi, kila wiki anazunguka, anabisha hodi, anaingia uani, anachungulia mitaro, bustani za mchicha, mashimo ya matofali, anaandika wapi kuna viluwiluwi vya mbu. 2006 wakaanza kumwaga dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi kwenye kata tatu, Buguruni, Kurasini na Mikocheni, na maambukizi yakashuka. Mtaalamu wa kushuka kwenye Land Cruiser hawezi kujua kuwa nyuma ya kwa mama fulani bomba linavuja tangu mwaka juzi, ila kijana wa pale anajua, na mama mwenyewe anamfungulia geti bila maswali. Halafu siyo kazi ya kukurupuka bana, wale mbu wanaotupigia kelele usiku wengi ni wa vyooni na mitaro michafu, anofelesi, mbu anayeeneza malaria, yeye anapenda maji yaliyo wazi juani, hata alama ya tairi inamtosha. Viluwiluwi vyake vinalala sambamba na uso wa maji, vya wale wengine vinaning'inia vichwa chini. Ukimfundisha kijana wa mtaani anavijua, ila lazima umlipe! Eti wajitolee. Ajitolee kila wiki mwaka mzima kukanyaga matope ya watu wakati mwenye semina anachukua posho kwa kukaa kwenye kiyoyozi?

Msiniambie dawa hakuna, kiwanda cha kuitengeneza kiko hapo Kibaha, na 2017 Rais Magufuli alikwenda pale mwenyewe, ikaagizwa halmashauri zichukue.

Vyandarua vimesaidia, haya, nakubali. Nchini, watoto chini ya miaka mitano wenye vimelea vya malaria walikuwa kama asilimia 18 mwaka 2008. 2017 tukafika 7 na kidogo, lakini 2022 tukawa 8, yani tumekwama palepale. Na sisi nasi tuna yetu, kuna jirani yangu mchicha wake unalala kwenye chandarua, watoto wake hawalali.

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ujao mwenyekiti asituhutubie tena habari za usafi. Atuambie halmashauri imetenga shilingi ngapi za dawa ya viluwiluwi kwa mtaa wetu, nani anaimwaga, analipwa nini, na akiumwa nani anashika zamu yake.