Mzee wa barazani, Ngamiani, Tanga

Innalillahi wainna ilayhi rajiun. Habari yenu ya kifo cha mzee wetu imemtaja marehemu kama askari mstaafu wa Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda, basi. Sisi wa Ngamiani tulimjua kwa baraza lake. Ndoa yangu ilipoyumba nilimfuata baada ya Alasiri. Hakunihubiria. Alinimiminia kahawa chungu, akanisogezea kashata, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha: "Na mkeo, umemsikiliza hivi?" Nikakosa jibu. Ya vitani hakuyasimulia, hata ya siku Kampala ilipoanguka, Aprili 11, 1979. Ukimchokoza alishika tasbihi akakuuliza habari za watoto. (Vijana walidhani hasikii vizuri. Alikuwa anasikia!) Jana mke wangu ndiye aliyenipigia simu ya msiba, analia. Tumemzika baada ya Alasiri.