Kwa Nini Nick Hakuondoka

Kila ninapoitaja filamu ya Gone Girl mbele ya watu walioiona, ubishi unaozuka ni uleule: nani mbaya zaidi, Nick au mkewe Amy? Wanaume humlaani Amy kabla sijamaliza kutamka jina lake. Wanawake hugawanyika. Nami nimeubisha ubishi huo tangu 2015, dada yangu aliponiletea filamu hiyo kwenye flashi akaniambia nisiitazame na mchumba wangu. Wiki iliyopita nimeirudia kwa mara ya nne, watoto wamelala, na safari hii swali la nani mbaya halikunisumbua hata kidogo. Lililoninyima usingizi ni dakika za mwisho. Mtu anajua kwamba mkewe ameua. Mkewe naye anajua kwamba mumewe anajua. Na huyo mume habebi hata begi.

Ambaye hajaiona na ana nia ya kuiona aishie hapa, maana nitayasema yote.

Filamu ilitoka Oktoba 2014, ikaongozwa na David Fincher, na aliyeandika hadithi kwa ajili ya filamu ni Gillian Flynn mwenyewe, kutokana na riwaya yake ya 2012. Nick Dunne (Ben Affleck) na Amy (Rosamund Pike) wanakutana New York, wote wawili wakiishi kwa kuandikia magazeti. Uchumi wa Marekani unapoyumba wanapoteza kazi. Mama yake Nick anaugua saratani huko Missouri, nao wanahamia huko. Nick anafungua baa kwa pesa za Amy, akiiendesha pamoja na pacha wake, Margo. Siku ndoa inapotimiza miaka 5, Nick anarudi nyumbani, anakuta meza ya kioo imevunjika sebuleni na mke hayupo.

Katika sehemu ya kwanza tunakuwa chini ya sauti ya Amy. Ana shajara, anatusomea. Mwaka ni 2005, wametoka kwenye sherehe ya watu, wanatembea usiku mitaa ya New York, wanapita nyuma ya bekari ambako sukari laini imetanda hewani kama ukungu. Nick anamfuta Amy sukari midomoni kwa vidole viwili, kisha anambusu. Mara ya kwanza nilipoiona nilitabasamu peke yangu gizani. Ni tukio zuri, na baadaye tunakuja kuelewa kwamba kurasa zile za mwanzo hazikuwa za uongo.

Miaka inapita. Amy amesimama nje ya baa ya Missouri, usiku wa baridi, anamwona mumewe akitoka na binti mdogo, mwanafunzi wake wa darasa la uandishi. Theluji inaanza kudondoka. Nick ananyoosha vidole vilevile viwili, anamfuta yule binti midomo vilevile, anambusu.

Filamu hii ina damu nyingi, na ukali wa damu hiyo umezungumzwa sana. Mimi kinachoniumiza ni vidole vile viwili. Usaliti wa mwili watu wameuzoea kwenye sinema. Hapa Amy anagundua kwamba kitu alichokitunza moyoni kama chao, chao wawili tu duniani, kilikuwa cha Nick peke yake. Alikuwa akitembea nacho mfukoni, na alikuwa tayari kumpa yeyote ambaye theluji au sukari ingemwangukia. Nimewahi kuona mtu akigundua jambo la namna hiyo. Hapigi kelele. Ananyamaza siku nyingi.

Amy naye ananyamaza, kisha anapanga kutoweka ili Nick ashtakiwe kwamba amemuua. Anafungua kadi za mkopo kwa jina la mume, anaongeza bima ya maisha, anajifanya rafiki wa jirani mjamzito ili ajipatie mkojo wa kupimia mimba, anajitoa damu na kuimwaga jikoni, halafu anaifuta vibaya makusudi. Shajara anaiendeleza kwa kurasa za uongo: mume mkali, mume anayesukuma, mke anayeogopa. Missouri ni jimbo lenye adhabu ya kifo, na Amy anaihesabu hiyo katika mpango wake. Simtetei. Ila nataka tujiulize kwa nini sote tuliiamini ile shajara. Tuliiamini kwa sababu imeandikwa kama tunavyopenda kusimuliwa: mke mpole, mvumilivu, mwenye mapenzi, anayejilaumu kwanza kabla ya kumlaumu mume. Amy alijua mteswa anatakiwa awe na sura gani ndipo watu wamlilie.

Ujuzi huo ameutoa nyumbani kwao. Wazazi wake ni waandishi wa vitabu vya watoto vyenye mhusika aitwaye Amazing Amy, Amy wa ajabu, waliyemchonga kutokana na binti yao wa kumzaa. Amy wa kweli aliacha kucheza selo akiwa na miaka 10. Amy wa kitabuni akawa hodari wa selo. Wazazi walitajirika, mtoto akakua akiwa nyuma ya kivuli chake mwenyewe. Na biashara inapowaharibikia, wanarudi kwa binti yao kumwomba pesa za yule Amy wa kitabuni, karibu dola milioni 1, naye anawapa. Wazungumzaji wengi hulipita hili haraka. Mimi naona ndiko ndoa ile ilikoharibikia, kabla Nick hajazaliwa akilini mwa Amy. Msichana aliyelelewa akijua kwamba anayependwa ni yule wa kwenye karatasi, akiolewa atamtafutia mumewe karatasi pia.

Na Nick hana nafuu. Mkewe ametoweka, yeye amesimamishwa kando ya picha yake mbele ya waandishi wa habari, mtu anamwomba atabasamu, anatabasamu. Kosa la sekunde moja. Usiku huohuo mtangazaji wa televisheni anaanza kulionyesha tabasamu lile nchi nzima. Fincher alimchagua Affleck akijua anachokifanya, kwani Affleck mwenyewe alishaandamwa na magazeti ya udaku miaka ya 2000, na uso wake una ile hali ya mtu anayejaribu kupendeza watu wakati ambapo angekaa kimya tu.

Kisha anakuja wakili, Tyler Perry, ambaye hapa amecheza vizuri kuliko nilivyotarajia. Anamkalisha Nick na kumfanyisha mazoezi ya mahojiano, na kila Nick anapotoa jibu linalosikika la kiburi au la uongo, wakili anamrushia pipi usoni. Nick anatakiwa aseme ukweli, kwamba alikuwa na kimada na alikuwa mume mbaya, lakini auseme ukweli huo kwa namna itakayoaminika. Majuto yanafanyiwa mazoezi kama kwaya. Na yanafaulu! Amy, aliyejificha kwenye nyumba ya ziwani ya mpenzi wake wa zamani, Desi, anayaona mahojiano hayo kwenye televisheni na uso wake unabadilika. Anajua fika kwamba Nick anaigiza. Anampenda kwa sababu hiyohiyo: huyu ndiye mwanamume aliyemwoa, yule aliyekuwa akijitahidi kumpendeza. Kwa ajili ya picha ile anamchinja Desi kwa kisu cha kukatia maboksi na kurudi nyumbani.

Muziki wakati wote huo ni wa Trent Reznor na Atticus Ross. Wazo la Fincher lilitokana na ule muziki laini wa kutuliza unaopigwa mahali watu wanapokwenda kunyooshwa mgongo, muziki unaokuambia kila kitu ni shwari. Wao wakauacha uoze taratibu. Itazame filamu usiku ukiwa na spika za masikioni utanielewa.

Sasa nifike mahali ninapogombana na filamu hii, na sitalainisha. Amy anawasingizia wanaume ubakaji. Kuna mmoja wa zamani aliyeharibiwa maisha, kisha Desi, ambaye Amy anadai alimteka nyara, na ambaye hata kujitetea hawezi kwa kuwa ameshakufa. Flynn ana haki ya kumwandika mwanamke mwovu. Wanawake nao wana uovu wao na sitaki tufichwe. Lakini mimi nimewahi kumsindikiza rafiki yangu kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, jicho limevimba, mdomo umepasuka, na swali la kwanza aliloulizwa ni alimfanya nini mumewe. Kabla hata ya jina. Najua madawati ya jinsia yapo na yapo yanayofanya kazi vizuri. Siku ile hatukuyaona. Kwa hiyo ninaposikia kijana wa mtaani kwetu akisema, baada ya kutazama filamu hii, "unaona wanawake walivyo," nasikia hasira, na hasira hiyo siimalizii kwa kijana peke yake. Filamu imempa silaha, na haikuhangaika kumwonyesha Amy mwingine ambaye shajara yake ni ya kweli. Hadi leo hili sijalisamehe.

Nafuu pekee ni mpelelezi Rhonda Boney. Anatembea na kikombe chake cha kahawa, anabandika vikaratasi vya rangi ndani ya nyumba, haharakishi kumfunga Nick hata nchi nzima inapopiga kelele. Na Amy anaporudi, ni Boney peke yake anayeuliza maswali ya kawaida ambayo kila mtu angepaswa kuyauliza, kuhusu kisu kile na jinsi alivyojinasua. Wakubwa waliomo chumbani hawataki. Mke mzuri amerudi, habari imekwisha. Boney angemsikiliza rafiki yangu, nina hakika, kwa sababu ni mtu anayetazama ushahidi, hatazami nani anapendeza zaidi kwenye picha.

Narudi kwa Nick na begi lake ambalo halikubebwa. Jibu linalotolewa na wengi ni mimba. Amy anajipandikizia mimba kwa mbegu za Nick zilizokuwa zimehifadhiwa hospitali, ambazo yeye alidhani zilishatupwa, na Nick anabaki kwa ajili ya mtoto. Hilo ndilo analomwambia Margo pia. Lakini mtazame Margo anavyoanguka na kulia. Halii kwa sababu kaka yake amenaswa. Analia kwa sababu ameona kwamba kaka yake anataka kubaki.

Kwetu tuna watu wa namna hii na hawajaua mtu. Kulikuwa na mama mmoja mtaani kwetu, ndoa yake ilikuwa ikitolewa mfano kwenye kila kitchen party. Somo akitaka kuwaonyesha mabinti mke ni nani, anamwonyesha yeye. Sebuleni kwake ilining'inia picha ya harusi kubwa kuliko dirisha, na ukiingia lazima uisifie kwanza ndipo uketi. Alipoondoka hatimaye, baada ya miaka 14, niliwahi kumuuliza kilichomchelewesha. Nilidhani atasema watoto. Akasema, "Mwanangu, niliona aibu ya kamati." Kamati ya harusi! Watu waliochanga, waliochapisha kadi, waliokodi ukumbi, waliocheza hadi alfajiri. Miaka 14 alikuwa akiwalipa deni lao kwa kukaa.

Tangu aliponiambia hivyo, siwezi kuiona ndoa ya Nick kama ya watu wawili. Wamo wasomaji wa vitabu vya utotoni, wamo wazazi wenye vipeperushi na namba ya simu ya kupokea taarifa, wamo waliokesha na mishumaa, wamo watazamaji wa televisheni waliotaka anyongwe na wiki moja baadaye wakataka abusiwe. Wote wamechanga.

Ndiyo maana nasema mimba haikumbakiza Nick. Mimba ilikuja imekuta kazi imekwisha. Rudini kwenye ile asubuhi Amy anaposhuka kwenye gari, damu ya Desi imemkaukia mwilini, na kamera zote zimejipanga nje ya nyumba. Anamwendea mumewe na kumwangukia. Nick anamdaka, anamkumbatia, anainamisha mdomo sikioni mwake na kumtukana tusi zito, kwa kunong'ona. Alikuwa na barabara nzima ya mashahidi, alikuwa na sauti. Angeweza kulisema kwa nguvu. Alilisema taratibu ili kumbatio lisiharibike, na nina hakika kwamba hapo ndipo alipobaki.