Dhahabu 23, halafu unaniambia anazurura msituni

Jana rafiki yangu kaniudhi kweli. Namsimulia habari za Simone Niggli-Luder, yule Mswisi wa orientiringi (mchezo wa kukimbia msituni na ramani, unatafuta vituo vyenye vibendera) mwenye dhahabu 23 za mashindano ya dunia, akanikata: "Kama simjui basi huo sio mchezo, ni watu wanazurura msituni na makaratasi." Kuzurura! Mtu 2003 kabeba dhahabu zote nne, 2005 akazibeba tena zote nne, baadaye kazaa watoto watatu, na 2013 kaaga akiwa bado anawapiga wenzake. Haya bwana, kazurura.

Kinachonikera ni kwamba watu wanadhani ni mbio tu na ramani mkononi. Wa uwanjani kachorewa mstari, kazi yake kuufuata. Huyu anashika ramani ndo saa imeanza kuhesabu, hajawahi kuiona, na msitu wenyewe ulishafungwa zamani asije akapita kuchungulia. Kuanzia hapo ni kuamua tu: nikate kilima au nizunguke, kijani kilichokolea kile kwenye ramani ni vichaka vya kunichana, nyeupe ndo msitu wa kukimbilia (ndio, kwao nyeupe ni msitu na njano ndo pawazi, siku ya kwanza mimi niliwaza kinyume na sitaki maswali). Yote hayo kifua kinawaka moto.

Nilijaribu mara moja tu. Ramani inasema jiwe kubwa, mbele yangu jiwe kubwa, nikajua nimefika. Kibendera hakuna. Nikalizunguka lile jiwe mara tatu kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikaanza kumsema aliyepanga vituo kwamba kasahau kazi, kumbe nipo bonde ambalo silo, jiwe langu liko ng'ambo ya kilima. Ukishachoka unaanza kuilazimisha ramani ifanane na unachokiona. Na mabingwa linawapata hilohilo, ila wao wanashtuka mapema na hawapotezi muda kugombana na jiwe.

Sawa, kwenye TV kunachosha, saa nyingine unaangalia vidoti vya wakimbiaji vinatambaa tu kwenye ramani. Olimpiki nayo hawamo, japo IOC, kamati ya kimataifa ya Olimpiki, imewatambua tangu 1977, sijui kinasubiriwa nini. Na hela ndo usiseme.

Ila nikamwambia habari ya Thierry Gueorgiou wa Ufaransa. 2008, mbio za kupokezana za dunia kule Olomouc, Czech, yuko zamu ya mwisho, anaongoza, akameza nyuki. Nyuki akamuuma kooni, dhahabu kwaheri. Mwaka uliofuata, Hungary, zamu ya mwisho tena, medali inanukia, akamkuta Msweden Martin Johansson na kijiti cha mti kimezama pajani. Akasimama. Anders Nordberg wa Norway naye akasimama, na Michal Smola wa Czech, wote watatu walikuwa wanawania medali hiyohiyo. Nordberg akakimbia kutafuta msaada, wengine wakabaki na mgonjwa, na huko mbele mashindano yanaendelea kama kawaida.

Rafiki yangu kanyamaza kidogo. Halafu kauliza: "Sasa si waliwapa medali zao?"

Hapana. Dhahabu ilienda Uswisi.