Tamu ya Waturuki si tamu yetu

Katika Kituruki cha kale, tamu ni jehanamu. Neno hilo limo katika maandishi ya Wauighuri, Waturuki wa kale wa Asia ya Kati, na kila nikikutana nalo nacheka, kisha naingiwa na wasiwasi: mtu mwenye kamusi mbili na muda wa kupoteza angeliunganisha na sukari yetu, akatuundia ukoo wa miaka elfu tatu.

Tamu yao ina wazazi wanaojulikana. Ilitoka kwa Wasogdia, watu wa Samarkand na Bukhara waliosema lugha ya Kiirani, na mzizi wake wa kale ni giza. Iliingia kwa mlango wa dini. Miaka ya 760 Bögü, mtawala wa Wauighuri, alifuata dini ya Mani, nabii wa Uajemi aliyehubiri vita vya nuru na giza, na waliomfundisha walikuwa Wasogdia. Basi moto wa akhera ukaja na jina lake. Pepo nayo ikaja vivyo hivyo, na katika mashairi ya zamani ya Uturuki utaikuta ikiitwa uçmak.

Mimi sikubali mkopo wa neno mpaka nionyeshwe watu walikutania wapi na walikuwa wakipeana nini. Hawa walikutana hasa. Jiwe la Bugut, huko Mongolia, lilisimamishwa na watawala wa Kituruki karne ya 6, lakini limeandikwa Kisogdia. Yale mawe maarufu ya bonde la Orkhon, huko huko Mongolia, yenye Kituruki chenyewe, ni ya karne ya 8. Yaani dola ilikuwa yao, kalamu ya jirani.

Tazama Tashkent. Tash ni jiwe kwa Kituruki. Kent ni mji, nalo ni neno la Kisogdia, ndugu wa ile kand iliyo mwishoni mwa Samarkand. Na mikopo ilirudi pia: Muirani anayehesabu bei ya mkate kwa toman anatumia tümen, elfu kumi, neno lililofika kwao na Waturuki na Wamongolia. Toman moja ilikuwa dinari 10,000.

Ugomvi uko kwenye beg, yaani mkuu, bwana. Wako wanaolitoa kwenye baga ya Kiirani, mungu, ile iliyojificha ndani ya jina Baghdad. Wengine wanapeleka asili yake Uchina. Hoja zote mbili zina watu makini nyuma yake. Kinachoniudhi ni wale wa pembeni: huyu anataka Waturuki wawe wamefundishwa kila kitu na Wairani, yule anawageuza Waskithi, wapanda farasi wa kale wa nyika waliosema Kiirani, wote kuwa Waturuki ili beg isionekane ya kuazima. Kwani kuna aibu gani? Majina ya vyeo huazimwa kila siku. Askari wetu wanaitana afande, ambayo ni efendi ya Kituruki, na Waturuki wenyewe waliichukua kwa Wagiriki. Sijasikia bado mtu kituoni akimuuliza afande habari za Athens.